Kriketi ya ova 50, T20 au T10: ipi imfae mtazamaji mgeni hapa Dar?

Mdau_wa_Ilala

Wakuu, salaam. Kuna kundi la watu kama 30, wengi vijana wa miaka 15 hadi 25, wote watu wa Simba na Yanga, kriketi hawajawahi kuiona uwanjani. Tunataka kuwapeleka Jumamosi moja. Uwanja hauna taa. Wengine wanasema tuwapeleke mechi ya ova 50 (ova moja ni mipira sita) ili waone mchezo wenyewe, wengine T20, ya ova 20 kila timu, na yupo anayetaka tuziombe timu mbili zicheze T10, ya ova 10, iishe mapema kama mpira wa miguu.

Naomba hoja zenye namba, si "hii tamu, ile inachosha". Na wakirudi nyumbani, kwenye televisheni waanzie wapi?

---

Kamba_ya_Mpaka

Mkuu, T20. Watu wengi watakwambia ni kwa sababu ni fupi. Ufupi unasaidia, ila sababu kubwa ni bei ya wiketi.

Kila timu ina wiketi kumi, yaani inaweza kutolewa wapigaji kumi, iwe ova 50 au ova 10. Kinachobadilika ni idadi ya mipira. Ova 50 ni mipira 300, ukigawa kila wiketi ina mipira 30. T20 ni mipira 120, kila wiketi mipira 12. T10 ni mipira 60, kila wiketi mipira 6 tu. Mipira ikipungua, wiketi inashuka bei, na mpigaji anapiga bila kuogopa kutoka. T20 bei imekaa pazuri: mpigaji anathubutu, lakini wakitoka watatu ndani ya ova sita za mwanzo timu inayumba kweli, na mgeni anaona kwamba inayumba hata kama hakuna aliyemweleza.

Kitu cha kwanza wafundishe kuhesabu wazuiaji (watu wa timu inayorusha) walio karibu na kamba, yaani mpaka wa uwanja. Ova sita za mwanzo, zile za pawaplei, wanaruhusiwa wawili tu nje ya duara la ndani, ambalo liko mita 27 na kidogo kutoka kwenye vijiti anavyovilinda mpigaji. Kuanzia ova ya saba wanaruhusiwa watano. Kijana akishajua hilo, ataelewa mwenyewe kwa nini mpigaji aliyekuwa anainua mipira juu ya vichwa sasa anausukuma chini na kukimbia kimoja kimoja.

Kitu cha pili ni hesabu ya kufukuzia lengo. Hapa ndipo mtu wa mpira wa miguu anaponaswa, kwa sababu inafanana na kuwa nyuma kwa goli moja dakika ya 70. Chukua timu inayofukuzia mikimbio (pointi za kriketi) 161. Ova 14 zimekwisha, wana 102 kwa wiketi nne, yaani wapigaji wanne wameshatoka. Wanahitaji 59 kwa mipira 36, karibu mikimbio 10 kwa ova. Ova ya 15 anarusha mtu makini, inatoka mitano tu. Sasa ni 54 kwa mipira 30, kila ova 10.8. Uwanja unatulia. Ova ya 16 nahodha anampa mrushaji wa spini, yule anayeuzungusha mpira, na inakwenda hivi: kimoja, sita, mpira umevuka kamba juu kwa juu, hakuna kitu, waidi, mkimbio wa bure na mpira unarudiwa, nne, kimoja, kimoja. Mikimbio 14. Zimebaki 40 kwa mipira 24, kila ova kumi kamili. Ndani ya dakika nne mechi imegeuka, na aliyeshika zile namba mbili kichwani, mikimbio inayotakiwa na mipira iliyobaki, ameona kila hatua ya kugeuka kwake.

Hapo hapo muulize kijana: kwa nini nahodha hakumrudisha yule mrushaji wake bora? Jibu ni kwamba kila mrushaji ana ova nne tu. Kama amebakiza mbili, nahodha anazitunza kwa ova ya 17 na ya 19. Akizitumia mapema, ova ya mwisho itarushwa na mtu ambaye hakupaswa kuishika.

Wala msikubali kuambiwa T20 ni kupiga tu. Kombe la Dunia la T20 la 2024 kule Guyana, Frank Nsubuga wa Uganda alirusha ova zake nne dhidi ya Papua New Guinea akatoa mikimbio minne tu na wiketi mbili akabeba. Mipira 24, mikimbio minne. Uganda walishinda mechi ile kwa kufukuzia 78, na wakapoteza wiketi saba njiani. Mikimbio ilikuwa michache sana, lakini nani angeinuka kwenye kiti?

---

Binti_Upanga

Kaka umeeleza vizuri sana, ila hesabu yako ya bei ya wiketi ndiyo hasa inayoitetea ova 50. Pale wiketi ina bei ya mipira 30, kwa hiyo kila inayoanguka inauma, na kila anayebaki kwenye pichi, ule ukanda wa katikati wanapopigia, ana muda wa kutengeneza kilichoharibika. T20 ikiharibika mapema, mara nyingi imekwisha.

Tarehe 7 Novemba 2023, Mumbai, Afghanistan walipiga 291. Australia wakaanguka hadi 91 kwa wiketi saba. Glenn Maxwell akamaliza na 201 bila kutoka, kwa mipira 128, miguu imekaza misuli hadi akawa anapiga amesimama palepale. Lakini mwangalie aliyekuwa upande wa pili, Pat Cummins: mipira 68, mikimbio 12. Hiyo ni zaidi ya nusu ya mipira yote ya timu kwenye T20. Mtu akitumia mipira 68 kwa mikimbio 12 kwenye T20 ameizika timu yake. Pale Mumbai ndiye aliyeiokoa, na kwa pamoja waliongeza mikimbio 202 bila wiketi nyingine kuanguka. Kazi ya namna ile, ya kukaa, kuzuia na kumwachia mwenzako apige, inahitaji ova 50 ili iwe na thamani.

Na siyo kweli kwamba katikati hakuna kinachoendelea. Ova 1 hadi 10 wazuiaji wawili nje, 11 hadi 40 wanne, 41 hadi 50 watano. Zile ova 30 za katikati, kukiwa na wanne tu nje, kuna sehemu moja ya uwanja lazima iwe wazi. Mtazame nahodha anaacha wapi wazi, kisha mtazame mrushaji anarusha wapi ili mpigaji asiweze kupafikia. Mechi nyingi za ova 50 zinaamuliwa hapo, kabla ya masita ya mwisho.

Mpira wenyewe nao una habari. Tangu 2011 walitumia mipira miwili mipya, mmoja kila upande, kwa hiyo hakuna uliozeeka kupita ova 25, na wapigaji walineemeka sana. Katikati ya 2025 kanuni ya wanaume ilibadilika: miwili hadi ova ya 34, halafu timu inayozuia inachagua mmoja wa kumalizia. Mpira uliochakaa unakuwa laini, spini inaushika vizuri, na wenye kasi wanaupinda kinyume mwishoni. Kwa mtazamaji hii ni nafuu kubwa, kwa sababu ova kumi za mwisho mrushaji naye ana silaha.

Lakini sitaki uwaketishe wageni juani kwa muda wa saa nane. Nendeni mechi ya ova 50 mkaingie zamu ya pili, timu ya pili inapopiga. Mechi ikianza saa 3:30 asubuhi, zamu ya kwanza inachukua muda wa saa tatu na nusu, inaisha saa 7 mchana. Mapumziko dakika 45. Zamu ya pili inaanza saa 7:45 na kuisha kama saa 11:15 jioni. Mtakuwa mmekula, lengo linajulikana, na mtaona ufukuziaji mzima kwa muda unaolingana na T20 nzima.

Jambo jingine: vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la 2026 kwa mara ya kwanza, na yale mashindano ni ya ova 50. Na Afghanistan hao niliowataja walipita hapahapa Dar Oktoba 2008, wakashinda Daraja la Nne la ligi ya dunia, mechi za ova 50, kabla dunia haijawajua. Wanaosema ova 50 si mchezo wa viwanja vyetu wamesahau haraka.

---

Spina_wa_Jioni

Dada nakubali kuhusu Mumbai, lakini mechi kama ile hupangi kuipata Jumamosi. Mpangaji lazima aulize pia mechi mbovu inakuwaje.

Fainali ya Kombe la Asia 2023, Colombo: Sri Lanka wote nje kwa mikimbio 50 ndani ya ova 15.2, India wakamaliza kwa ova 6.1. Mipira 129 kati ya 600 iliyopangwa. Aliyetenga siku nzima alikaa muda mfupi kuliko mtazamaji wa T20. Na mechi ya ova 50 ya upande mmoja inayokwenda hadi mwisho ni mbaya zaidi, maana kuanzia ova ya 25 watu wanasubiri tu kuondoka.

Kwa haki, T20 nayo inaweza kuwa ya upande mmoja. Oktoba 2024 Nairobi, Zimbabwe walipiga 344 kwa wiketi nne dhidi ya Gambia, wakawatoa wapinzani kwa 54. Tofauti ni kwamba iliisha kabla watu hawajachoka. Kwa hiyo cha kwanza kuulizia ni timu gani mbili zinakutana na kama zinalingana. Timu mbili zinazolingana kwenye ova zozote ni bora kuliko timu kubwa na dhaifu kwenye T20.

---

Karani_wa_Alama

Naongeza ya upande wa meza ya alama, kwa sababu mechi nzuri ikipangwa vibaya inachosha.

T10 kwanza, kwa kuwa imetajwa. Ni dakika 90 hivi, kila mrushaji ova mbili. Kwa kufundisha watoto kucheza inafaa mno. Kwa mtazamaji mgeni siishauri iwe mechi yake ya kwanza, kwa ile sababu ya mipira 6 kwa wiketi: mpigaji akitoka anaingia mwingine anapiga vilevile, na mgeni anatoka uwanjani akidhani wiketi haina maana. Ukishajenga dhana hiyo kuibomoa ni kazi. Ile The Hundred ya Uingereza, iliyoanza 2021, ni mipira 100 kwa kila timu, pawaplei mipira 25, kila mrushaji asizidi mipira 20, wanabadilisha upande kila baada ya mipira kumi. Kwenye televisheni ubao wake unasomeka kirahisi. Shida ni kwamba inamfundisha mgeni hesabu ambayo hataikuta kwingine, hasa hapa kwetu.

Sasa muda. T20 kwa kanuni za kimataifa ni dakika 85 kila zamu na mapumziko ya dakika 20, yaani saa tatu na dakika kumi. Ukianza saa 7:30 mchana unamaliza saa 10:40, na jua letu linazama saa 12 na dakika kadhaa. Una zaidi ya saa nzima ya akiba. Ova 50 ile aliyoipanga Binti_Upanga inaisha 11:15, akiba ni kama saa moja tu. Mvua ya nusu saa asubuhi pamoja na uzembe kidogo, mnamalizia gizani au mnapunguza ova.

Uzembe unaingia hapa: mpira kupotea nje ya uzio na hakuna wa akiba, maji kuletwa kila wiketi inapoanguka, mpigaji mpya kutoka kivulini akiwa hajafunga pedi, nahodha kupanga watu upya kila mpira. Kanuni za T20 za kimataifa zinampa mpigaji mpya sekunde 90 awe tayari, na timu inayozuia sekunde 60 kati ya ova na ova. Ikichelewa, inaonywa mara mbili, kosa la tatu ni mikimbio mitano kwa wapinzani. Pia kama haijaanza ova ya mwisho ndani ya muda, mzuiaji mmoja anarudishwa ndani ya duara kwa ova zilizobaki. Waombe wenye mechi watumie hata hiyo ya mwisho peke yake. Inatosha mwamuzi mwenye saa.

Ubao wa alama ndio uti wa mgongo wa mtazamaji. Bila skrini kubwa, mnahitaji namba nne tu zinazoonekana kutoka mita 80: mikimbio, wiketi, ova zilizorushwa, lengo. Zamu ya pili ongezeni mbili, zile alizosema Kamba_ya_Mpaka: zinazotakiwa na mipira iliyobaki. Badilisheni kila mwisho wa ova, na ova tano za mwisho badilisheni kila mpira. Kipaza sauti kimoja na mtu anayejua kunyamaza mpira ukiwa unarushwa.

---

Mdau_wa_Ilala

Nashukuru sana wakuu. Naona tunakwenda T20 ya saa 7:30, na nitatafuta timu zinazolingana. Mambo mawili yamebaki: mvua ikinyesha katikati inakuwaje, maana tunaweza kuangukia mwishoni mwa vuli? Na tuketi wapi? Ile ya televisheni pia bado.

---

Karani_wa_Alama

Mvua: ikila muda kuliko akiba mliyoweka, T20 inapunguzwa ova moja kwa kila timu kwa kila dakika 8 na nusu zilizopotea, kwa kuwa ova moja inahesabiwa dakika 4 na robo. Kila timu ikipata angalau ova tano, matokeo yanatambuliwa. Kwenye ova 50 kila timu lazima ipate angalau 20, ndiyo maana mvua inaiua mechi ile kirahisi zaidi.

Lengo jipya likokotolewe kwa njia ya Duckworth–Lewis–Stern. Wenye meza ya alama wachapishe karatasi ya viwango kabla zamu ya pili haijaanza: upande mmoja ova, juu idadi ya wiketi zilizoanguka, ndani mikimbio ambayo timu inapaswa kuwa nayo. Mvua ikimaliza mechi, mnasoma mstari na mshindi anajulikana bila ugomvi.

Msikubali njia ya wastani, hata kama ni rahisi. Lengo la 161 kwa ova 20 ni 8.05 kwa ova. Likikatwa hadi ova 10 kwa wastani linakuwa 81. Linaonekana la haki, lakini timu bado ina wiketi zote kumi za kutumia kwa nusu ya mipira, yaani imepewa bei ya T10. Inafukuzia kwa raha. Kanuni nyingine ya zamani ndiyo iliyowaumiza Afrika Kusini kule Sydney kwenye nusu fainali ya 1992: walihitaji 22 kwa mipira 13, mvua ikapita, wakarudi kukuta wamebakiziwa mpira mmoja na lengo halijapungua isipokuwa kwa mkimbio mmoja. Miaka michache baadaye ndiyo Duckworth na Lewis wakaja na hesabu yao.

---

Binti_Upanga

Televisheni: ligi ya India, IPL, ni T20, mechi za jioni zinaanza saa 11 jioni kwa saa zetu na zile za mchana saa 7, kwa hiyo mtu anarudi kazini anakuta ufukuziaji unaanza. Waanzie hapo. The Hundred huwa saa 2 na nusu usiku, mwezi wa nane, kama wanataka kuionja. Mechi za ova 50 za India zile za mchana hadi usiku huanza kati ya saa 5 na saa 5 na nusu asubuhi yetu, ni za kutazama wikiendi. Waangalie umande: timu inayorusha usiku inashika mpira uliolowa, spini inateleza mkononi, na mwenye kufukuzia anapata nafuu. Ndiyo maana ushindi wa kurusha shilingi una uzito kwenye mechi za usiku. Mechi yenu ya mchana haina shida hiyo.

---

Kamba_ya_Mpaka

Kuhusu kukaa: gawanya kundi mara mbili na mbadilishane mapumzikoni. Nusu wakae nyuma ya mrushaji au nyuma ya mlinda wiketi, usawa wa pichi. Huko ndiko mpira unaonekana ukipinda na spini ikigeuka. Nusu wakae ubavuni, usawa wa vijiti vya mpigaji: kule kasi inaonekana, na mtu akikimbia na vijiti kuvunjwa unaona kama alifika au hakufika. Ukikaa kona ya mshazari huoni hiki wala kile.

Wanaokaa nyuma ya mrushaji wakumbushwe jambo moja ambalo wageni hukosea kila mara. Kuna skrini nyeusi pale, imewekwa ili mpigaji auone mpira mweupe. Mtu akikatiza mbele ya ile skrini, au juu yake kama jukwaa liko wazi, mpigaji anainua mkono na mchezo unasimama. Wasubiri ova iishe ndipo wainuke, waende na warudi wakati wazuiaji wanabadilishana sehemu.

Na kwa sababu ni T20, masita yatakuja. Mpira una uzito wa gramu 156 hadi 163, mgumu kama jiwe, na kamba iko mita 59 hadi 82 tu kutoka katikati kwa viwanja vya kimataifa, kwingine hata karibu zaidi. Asikae mtu kaupa uwanja mgongo, asitazame simu mpira ukiwa unarushwa, na watoto wakae mbali na kamba upande ule wenye umbali mfupi. Upande huo ni rahisi kuujua: hesabuni hatua kutoka kwenye pichi kabla mechi haijaanza, na muulizeni mwamuzi kwanza, kwa sababu pichi yenyewe haikanyagwi.